Homa Yenye Majina ya Kuazima

Mtu akitoka Arusha kwenda Nairobi akiwa mgonjwa, ugonjwa wake hubadilika jina Namanga. Arusha akisema "nina homa", wenyeji watamgusa shingo kuona kama mwili unachemka, na wa kwanza kufungua mdomo atauliza kama ameshapima malaria. Nairobi akisema maneno yale yale, wataelewa kwamba pua inamchuruzika, anapiga chafya na koo linamkereketa. Watamchemshia tangawizi na ndimu, wamwambie avae sweta. Neno ni moja na Kiswahili ni kimoja, ila huku homa ni joto la mwili na kule homa ni makamasi. Katikati ya maana hizo mbili umejificha ugonjwa ambao una vyote viwili, joto na makamasi, na ambao watu wengi wa pande zote mbili za mpaka hawana jina lake la kila siku. Vitabu vinauita homa ya mafua au influenza.

Nimefuatilia ugonjwa huu kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyousoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kukosa jina ndiko kunakotuumiza zaidi. Dawa zake ni adimu, kweli. Chanjo yake ni adimu zaidi. Lakini hata vingejaa tele, nani angevitafuta? Homa ya mafua kwetu huitwa malaria hadi kipimo kikatae. Ikipanda kidogo huitwa uchovu. Ikiingia kifuani huitwa nimonia. Ikipita nyumba nzima watu husema hali ya hewa imebadilika, au ni vumbi la kiangazi. Hukaa mjini mwaka mzima kama mpangaji asiyeandikwa kwenye daftari la mjumbe.

Tuanze na kuutofautisha na mafua ya kawaida, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapokosea. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi, zaidi ya mia mbili, navyo huingia kwa hodi: leo koo linawasha, kesho pua imeziba, keshokutwa kikohozi, na mtu anaendelea na kazi zake akijifuta kwa leso. Homa ya mafua haipigi hodi. Aliyeshikwa nayo anaweza kukutajia saa: nilikuwa nimekaa dukani, kufika alasiri nikaanza kutetemeka. Joto hupanda hadi nyuzi 38, 39, wakati mwingine 40. Kichwa kinagonga, mgongo na mapaja yanauma kama ya mtu aliyelima kutwa, macho yanauma kwenye mwanga, kikohozi ni kikavu. Mtoto anaweza pia kutapika au kuharisha, jambo linalowapoteza wazazi kabisa. Walio wengi hupona ndani ya wiki moja, lakini kikohozi na ulegevu huweza kubaki wiki mbili au zaidi. Kutoka kuambukizwa hadi kuugua ni siku 1 hadi 4, na mtu huanza kuwaambukiza wengine siku moja kabla hajajua kwamba anaumwa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya ugonjwa huu: hutoka nyumba moja kwenda nyingine ukibebwa na watu wanaojiona wazima.

Virusi vyenyewe vinavyotusumbua kila mwaka ni vya aina mbili kubwa, A na B. Kwa nini mtu aliyeugua mwaka jana augue tena mwaka huu, wakati aliyeugua surua mara moja hairudii? Fikiria kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Kinga ya mwili humtambua adui kwa kanga aliyojifunga. Kirusi cha surua kina kanga moja tangu enzi na enzi, kwa hiyo mwili ukishaiona hauisahau. Kirusi cha homa ya mafua kila kinapozaliana hukosea kidogo kunakili: leo ua moja la pindo limehama, kesho neno moja la jina limebadilika. Baada ya mwaka au miwili askari wa mwili wanaitazama ile kanga na kusita, na katika kusita huko kirusi kinapita. Ndiyo sababu chanjo yake hutengenezwa upya mara kwa mara.

Mara chache sana hutokea jambo kubwa kuliko hilo. Kirusi cha aina ya A cha binadamu hukutana na cha ndege au cha nguruwe ndani ya mnyama mmoja, vikabadilishana vipande, na kikatoka kirusi chenye kanga mpya ambayo watu wengi duniani hawajawahi kuiona. Dunia ilishuhudia virusi vipya vya namna hiyo mwaka 1957, 1968 na 2009. Cha 2009 tulikiita mafua ya nguruwe. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza mwezi Juni mwaka huo, mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuja na wenzake kwa safari ya Kisumu. Baadaye hofu ilipoa na habari zikaacha kuandikwa, lakini kirusi hakikuondoka. Kimo miongoni mwetu hadi leo, kimekuwa kimoja kati ya virusi vya kawaida vya kila mwaka. Na janga la 1918, baya kuliko yote, lilishukia bandarini Mombasa katika miezi ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza, likapanda na reli kwenda bara, likawakuta wapagazi waliochoshwa na vita na vijiji vilivyokuwa vimenyang'anywa chakula na nguvu kazi.

Hayo ni ya majanga. Mimi hunisumbua zaidi kile kinachotokea katika mwaka ambao hakuna anayeuita wa janga.

Mwaka 2008 kundi la watafiti wakiongozwa na Valérie D'Acremont waliwachunguza watoto 1,005 waliopelekwa kutibiwa homa Dar es Salaam na Ifakara, wagonjwa wa nje, watoto wa kawaida wa zahanati za kawaida. Walichofanya ni kitu ambacho zahanati zetu haziwezi: kila mtoto alipimwa kwa kina, damu, mkojo, majimaji ya pua, hadi kijulikane kilichomletea joto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Malaria ilipatikana kwa takriban mtoto 1 kati ya 10. Maambukizi ya njia ya hewa yalipatikana kwa watoto 62 katika kila 100. Na kwa ujumla watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wakati huo mama mwenye mtoto anayechemka alirudi nyumbani na dawa ya mseto ya malaria, karibu bila swali. Nisieleweke vibaya: malaria bado inaua, hasa watoto, na kila homa katika maeneo yetu lazima ipimwe malaria kwanza. Ninachosema ni kwamba jibu la "hakuna malaria" ni mwanzo wa swali jingine, na mfumo wetu haukujiandaa kwa swali hilo.

Kilichofuata kinasikitisha. Vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea, matumizi mabaya ya dawa za malaria yalipungua, na hayo ni mafanikio makubwa. Lakini tafiti zilizofanywa Tanzania na kwingineko Afrika zilionyesha kwamba waliokutwa hawana malaria walianza kupewa antibayotiki kwa wingi zaidi. Ninaielewa hali ile. Mganga ana foleni ya watu arobaini, mama ametembea tangu alfajiri, mtoto analia, na kipimo kimesema hakuna kitu. Kumwambia "mpe maji, mpe parasetamoli, umwangalie" kunasikika kama kumfukuza. Basi chupa ya amoksilini inatoka, na kila mtu anapumua. Ila amoksilini huua bakteria. Mbele ya kirusi haina kazi yoyote. Mtoto anapona siku ya tano kama ambavyo angepona bila chupa ile, dawa inasifiwa, na safari ijayo mama anapitia moja kwa moja duka la dawa kuinunua. Huku bakteria wa kweli waliomo mwilini wanajifunza kuizoea dawa. Usugu wa dawa tunaohubiriwa kila siku, sehemu yake inazaliwa hapa, kwenye homa isiyo na jina.

Sasa neno "msimu". Homa ya mafua ya msimu ni jina lililozaliwa kwenye nchi zenye majira ya baridi kali. Ulaya na Amerika Kaskazini huja takriban Novemba hadi Machi, na ndugu zetu walioko London au Minneapolis wanajua kwamba majira ya vuli yakianza matangazo ya chanjo hujaa kila duka la dawa. Hewa baridi na kavu huvipa virusi uhai mrefu nje ya mwili, na watu hujifungia ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Kwetu mambo hayana mstari ulionyooka namna hiyo. Kenya iliweka mtandao wa hospitali za ufuatiliaji kuanzia mwaka 2006, ambako wagonjwa wenye dalili huchukuliwa majimaji ya pua na kupimwa. Kilichoonekana ni virusi katika karibu kila mwezi wa mwaka, vikipanda zaidi ya mara moja, na miezi ya kupanda haifanani mwaka hadi mwaka. Kipupwe cha Juni hadi Agosti tunakilaumu sana, na mara nyingine kweli huja nacho. Masika nayo huwakusanya watu ndani, daladala likafungwa vioo, darasa likafungwa madirisha. Lakini mvua haimpi mtu homa ya mafua. Anayempa ni jirani yake wa kiti.

Jambo hili la msimu linaonekana dogo hadi ufike kwenye chanjo. Kila mwaka Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kuchagua virusi vitakavyowekwa kwenye chanjo: Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia, na Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini. Ikweta inapita Kenya, Uganda na Kongo. Nchi kama hizo zinunue chanjo gani, na iwafikie watu mwezi gani, wakati kinga yake hupungua kadiri miezi inavyopita? Ulaya huchanja Oktoba na kusubiri Desemba. Sisi hatuna Desemba ya kusubiri. Ndiyo sababu ninaupenda, hata kama ni kazi isiyoonekana, ule uchukuaji wa majimaji ya pua Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe. Maabara za kitaifa za miji hiyo zimo katika mtandao wa dunia ulioanzishwa mwaka 1952, na kijiti cha pamba kinachopitishwa puani mwa mtoto wa Afrika Mashariki kinaweza kubadili kilichomo ndani ya chupa ya chanjo. Chanjo yenyewe imebadilika karibuni: tawi moja la aina ya B liitwalo Yamagata halijathibitishwa kuonekana popote tangu Machi 2020, na kuanzia Septemba 2023 Shirika la Afya Duniani limeshauri liondolewe.

Nani hufa? Shirika hilo hukadiria vifo 290,000 hadi 650,000 duniani kila mwaka vinavyotokana na homa ya mafua kupitia njia ya hewa. Kwa watoto chini ya miaka mitano wanaokufa kwa homa ya mapafu iliyoanza na kirusi hiki, 99 katika kila 100 ni wa nchi zinazoendelea. Kirusi ni kile kile kinachomlaza ndani mtoto wa Paris siku nne. Tofauti iko kwenye yale yanayomzunguka mtoto: lishe, moshi wa kuni na mkaa anaouvuta mgongoni mwa mama jikoni, umbali wa kituo cha afya, na kama kituo hicho kina mtungi wa oksijeni wenye kitu ndani yake. Mwaka 2002, katika nyanda za juu za Madagascar, mkoani Fianarantsoa, homa ya mafua ya kawaida, isiyo ya janga lolote, iliwaangusha watu zaidi ya 27,000 na kuua zaidi ya 700 katika muda mfupi. Walikuwa watu wa vijijini, wengi wenye utapiamlo, mbali na hospitali. Mkasa ule haukuhitaji kanga mpya.

Anayeua mara nyingi ni wa pili kuingia. Kirusi huchubua utando wa ndani wa njia ya hewa, ule unaofagia uchafu kila siku, na bakteria waliokuwa wamekaa kimya puani na kooni wanapata mlango. Hapo ndipo antibayotiki zinapokuwa na kazi ya kweli, na hapo ndipo kuzimaliza bure kwenye mafua kunapotugharimu. Pia ndiyo sababu chanjo ya nimokoka, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2011 na Tanzania mwanzoni mwa 2013, inasaidia hata dhidi ya homa ya mafua ambayo haiigusi: huufunga mlango wa pili. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wajawazito, wazee, wenye pumu, kisukari, selimundu na magonjwa ya moyo, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hasa wasiotumia dawa.

Nyumbani tiba ni ya subira. Mgonjwa apumzike, anywe, alale. Mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake hupunguza joto na maumivu. Aspirini asipewe mtoto, kwa sababu ikikutana na homa ya mafua huweza kuleta ugonjwa nadra unaodhuru ini na ubongo. Na katika miji kama Dar es Salaam, ambako dengi ililipuka mwaka 2014 na 2019 kwa dalili zinazofanana mno na hizi, hata mtu mzima asijimiminie aspirini kabla hajajua anaumwa nini. Tangawizi, ndimu na asali ninazitetea: hulainisha koo, humfanya mgonjwa anywe, na kuna upendo ndani ya kikombe kile. Haziui kirusi. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Kujifukiza kunafungua pua kwa muda, lakini mtoto mdogo, sufuria ya maji yanayochemka na blanketi ni mambo matatu yasiyotakiwa kukutana. Waliounguzwa hivyo wapo.

Ipo dawa inayokigusa kirusi chenyewe, oseltamiviri. Hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili, na huwafaa hasa waliolazwa na walio hatarini. Kwa mgonjwa wa kawaida hufupisha ugonjwa kwa takriban siku moja tu. Ninaona ni sahihi iwekwe kwanza kwenye hospitali za rufaa na wodi za wajawazito, kuliko kuuzwa holela dukani kwa kijana mwenye nguvu zake.

Kuhusu kinga, wapo wanaosema haiwezekani kuzuia mafua. Miaka ya 2020 na 2021 iliwajibu. Watu walipovaa barakoa, wakanawa mikono, safari zikapungua na shule zikafungwa kwa ajili ya UVIKO, homa ya mafua ilikaribia kutoweka duniani. Hakuna anayetaka kurudia maisha yale, lakini vipande vyake vidogo vinawezekana: dirisha la daladala kufunguliwa, kukohoa kwenye kiwiko, aliye na homa asimbebe mtoto mchanga wa jirani. Kipande kigumu ni kubaki nyumbani. Mama lishe asipopika leo hali leo. Bodaboda asipowasha pikipiki hesabu ya tajiri inamsubiri. Ushauri wa "pumzika siku tano" una bei, na wanaoutoa mara nyingi wana mishahara.

Chanjo haizuii kila kitu. Katika mwaka mzuri hupunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Hata hivyo ipo hoja moja ambayo sijaona jibu lake. Mtoto chini ya miezi sita hana chanjo ya homa ya mafua anayoweza kupewa, naye ndiye dhaifu kuliko wote. Njia ya kumfikia ni mama yake. Katika utafiti uliofanyika Soweto, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2014, kuwachanja wajawazito kulipunguza ugonjwa huu kwa karibu nusu, kwa mama na kwa mtoto wake mchanga. Shirika la Afya Duniani lilishawataja wajawazito mwaka 2012 kuwa wa kwanza katika foleni. Kenya ilichagua mlango mwingine: mwaka 2016 kamati yake ya kitaifa ya ushauri wa chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23. Ninaiheshimu hatua ile, lakini kliniki ya wajawazito tunayo tayari, kadi ipo, muuguzi yupo, sindano ya pepopunda inatolewa palepale. Wanaokwenda Hija hushauriwa na Saudi Arabia kuchanjwa kabla ya safari, na wengi huitikia. Mama anayekwenda kujifungua anastahili walau kuambiwa kwamba chanjo hiyo ipo.

Mdogo wangu alikuwa na mtoto wa miezi mitano, Juni moja ya baridi, nyumba nzima ikikohoa. Bibi yetu ndiye aliyeanza, kisha watoto wa shule, kisha baba. Usiku wa tatu mtoto akaacha kunyonya. Nilimfunua nguo, nikaweka simu na saa yake kando, nikahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya hatari. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Nilihesabu 62, na chini ya mbavu kifua kilikuwa kikibonyea ndani kila alipovuta hewa. Hatukungoja asubuhi. Alikaa kwenye oksijeni siku mbili, akapewa sindano, siku ya tano akacheka. Kadi yake ninaikumbuka vizuri. Malaria: hakuna. Ugonjwa: nimonia. Hakuna aliyempima pua, na hakukuwa na kifaa cha kumpimia, kwa hiyo mimi pia siwezi kuandika pale jina ambalo sikuthibitisha. Bibi, alipoulizwa na wageni mtoto alipatwa na nini, aliwajibu kwamba alipigwa na baridi.